Kuwasha mota ya hatua ya juu roketi ikiwa hewani: bodi ya dukani au ya kujiundia?

kipanga24

Habari zenu wakuu. Naombeni mwongozo kabla sijatoa hela.

Nina roketi ya hatua mbili, bomba la karatasi ngumu la kipenyo cha mm 66, mapezi ya plaiwudi. Hatua ya chini nimepanga Estes F15-0, ya juu AeroTech F39-9, ile ya kasha la alumini linalojazwa upya. Ikiwa kamili pedini (jukwaa la kurushia) ina gramu 700. Hatua ya juu peke yake, mota ikiwa ndani, gramu 330. Fimbo ya kurushia ni ya mita 1.2. Niko Marekani, kwa hiyo mota zinapatikana na klabu ina uwanja.

Roketi za mota za baruti nyeusi, C6-0 na D12-0, nazielewa: baruti ya mota ya chini ikiisha inatoboka kwa mbele, cheche zinapanda hadi kwenye nozeli ya mota ya juu, kazi imekwisha. Nimesoma kwamba F39 ni kompositi (fueli isiyo ya baruti nyeusi) na haiwaki kwa njia hiyo, inataka kiwashio cha umeme na bodi ya kukiwasha.

Sasa: nitumie taima tu inayoanza kuhesabu roketi ikiondoka, au altimita (bodi inayopima kimo kwa shinikizo la hewa)? Bodi ikae hatua ya chini au ya juu? Na je, naweza kujiundia kwa ESP32 (kompyuta ndogo), MPU6050 (aksilomita, yaani kipima mchapuko), BMP280 (kipima hewa), ile moduli nyekundu ya IRF520 (transista ya kuwashia) na betri moja ya LiPo ya mAh 180? Hivyo vyote viko mezani tayari.

mzee_wa_pedi

Karibu mkuu. Kabla ya bodi, tuanze na mota ya chini, maana hapo ndipo roketi yako itaharibikia.

F15 inawaka muda mrefu, karibu sekunde 3.5, lakini msukumo wake ni mdogo: kilele newton 25 hivi, kisha inakaa kwenye 14. Piga hesabu kwa gramu 700. Hata ukijifanya kilele kipo tangu mwanzo, mwisho wa fimbo ya mita 1.2 roketi haijafika mita 8 kwa sekunde. Mapezi hayana kazi kwenye mwendo huo. Upepo kidogo tu, pua inageukia upepo, na inaendelea kuinama sekunde zote tatu na nusu. Mota ya chini ikiisha una mwendo usiofika mita 40 kwa sekunde na pua inatazama shamba la jirani. Ukiwasha F39 hapo, umerusha kombora la mlalo. Na hiyo 0 ya mwisho, yaani sekunde 0 za kusubiri baada ya fueli kuisha, inakudhuru zaidi: F15-0 ikitoboka mbele inapuliza moto kwenye kiungo cha hatua wakati bodi yako bado inafikiria.

Weka mota ya kompositi yenye nguvu chini, mfano F50-4T ya mm 29. Msukumo wa wastani newton 50, inawaka sekunde 1.4 hivi, jumla newton-sekunde 77 kwa makadirio. Badilisha na fimbo: chukua reli ya mita 1.8. Hapo unatoka kwenye reli na karibu mita 15 kwa sekunde, na mota ikiisha una takriban mita 90 kwa sekunde, kimo cha mita 60 na kitu. Fueli ya mota zote mbili haifiki gramu 125 na uzito hauvuki gramu 1500, kwa hiyo bado uko daraja la kwanza la FAA (mamlaka ya anga ya Marekani), huhitaji kibali cha anga. Ile 4 kwenye jina la mota, sekunde nne za kusubiri kabla chaji haijalipuka, ndiyo itakayofungua parashuti ya hatua ya chini.

Sasa jambo ambalo watu hulisahau wakishapenda elektroniki. Jiulize: mota ya juu isipowaka, nani anafungua parashuti? Chaji ya parashuti ya F39 (baruti kidogo inayoisukuma parashuti itoke) inawashwa na fueli ya kuchelewesha iliyo ndani ya mota hiyohiyo. Mota haikuwaka, chaji nayo haipo. Gramu 330 zinarudi chini pua mbele, na mota mbichi ndani. Kwa hiyo hatua ya juu lazima iwe na altimita inayofungua parashuti kwenye kilele, mota iwe imewaka au la. Chaji ya mota iwe akiba tu. Ukikubali hilo, swali la taima peke yake limeshajijibu: taima haijui kilele.

Bodi ikae hatua ya juu. Ukiiweka chini unaokoa uzito juu, ni kweli, lakini waya za kiwashio zinapita kwenye kiungo, na hatua zikiachana mapema kidogo waya zinachomoka kabla ya kuwasha. Bodi ikiwa juu, hatua ya chini ikishadondoka haina tena usemi wowote. Pitisha waya kwenye kijibomba chembamba, hata mrija wa soda unatosha, uliogundishwa kupenya pete zote za kushikilia mota, uishie nyuma karibu na nozeli. Fanya hivyo kabla ya kugundisha mapezi, baadaye utajuta.

Kiwashio. Kiberiti cha umeme cha kawaida, kile kinachotumika kulipua chaji ya parashuti, kinatoa mwako wa kufumba na kufumbua. Kinatosha baruti nyeusi. Kompositi inataka joto linalokaa kidogo ili uso wa fueli ushike na shinikizo lipande. Nunua kiwashio kilichotengenezwa kwa ajili ya mota za kompositi na kinachokubali mkondo mdogo. MJG Firewire ni mfano mmoja. Kile kinachokuja na mota usikitegemee hewani kabla hujajua kinataka ampea ngapi, maana vingi vimeundwa kwa betri ya gari ya volti 12 iliyoko ardhini.

Kiingize mpaka mwisho wa tundu la fueli, kiguse mbele kabisa. Pima kwa nje kwanza, weka alama ya kalamu kwenye waya pale itakapokutana na mdomo wa nozeli, ndipo uingize. Kikikaa katikati ya tundu, fueli ya nyuma inashika peke yake, mota inakohoa, inatema kiwashio na kuzima. Kisha kifunge kwa tepu ya karatasi kwenye mdomo wa nozeli, kwa sababu F50 inavuta zaidi ya g 7 (mara saba ya mvutano wa dunia) na kila kilicholegea kinarudi nyuma. Usizibe nozeli yote, acha upenyo wa gesi.

Muda: washa mapema. Hatua zote mbili zikiwa zimeshikana bila msukumo, roketi hii inapoteza kama mita 10 kwa sekunde kila nusu sekunde, kwa mvutano wa dunia na upinzani wa hewa pamoja. Na kompositi nayo ina uvivu wake, sehemu ya sekunde mpaka nusu tangu kiwashio kilipuke hadi msukumo ukamilike. Kwa hiyo amri itoke sekunde 0.2 hadi 0.3 baada ya mota ya chini kuisha. Hayo mambo ya kuteleza sekunde 5 kabla ya kuwasha waachie wanaotafuta rekodi za kimo.

fundi_saketi

Mzee kamaliza upande wa roketi, mimi naingia kwenye umeme. Kipanga, vitu vyako vya mezani vina matatizo matatu, na kila kimoja peke yake kinatosha kukuangusha.

La kwanza, hiyo moduli ya IRF520. Transista hiyo inafunguka vizuri, yaani inapitisha umeme, ukiipa volti 10 kwenye geti, mguu wake wa kupokea amri. ESP32 inatoa 3.3. Itafunguka nusu, taa ya LED ya kujaribia itawaka vizuri ufurahi, ukiweka kiwashio cha ohm 1 haipiti ampea ya maana. Tumia AO3400A, inafanya kazi kamili hata kwa volti 2.5. IRLZ44N watu wanaitumia kwa 3.3 na inaenda kwa ampea chache, ila iko nje ya kile kilichoandikwa kwenye karatasi yake. Kati ya geti na nguzo hasi weka rizista ya kilo-ohm 10. Usipoiweka, geti linaelea wakati ESP32 inaamka. Tena chagua pini kwa makini: GPIO 0, 1, 3, 5, 14 na 15 zinatoa mawimbi yao wenyewe wakati wa kuwaka, kabla programu yako haijaanza kusema lolote. Kiwashio hakijui kwamba hiyo haikuwa amri.

La pili, betri moja kwa kila kitu. Fanya hesabu ya saketi ya kiwashio: kiwashio ohm 1.0, betri yenyewe kwa ndani 0.15, swichi na viunganishi 0.1, waya. Waya wa geji 30 una ohm 0.34 kwa mita. Sentimita 40 kwenda na 40 kurudi unapata 0.27. Ukitumia geji 24 unapata 0.07. Kwa volti 4 tofauti ni ampea 2.6 dhidi ya 3.0, na hapo betri ni mpya na haina baridi. Betri ya mAh 180 ya 25C (mara 25 ya uwezo wake) inatoa ampea 4.5, kwa hiyo yenyewe inaweza. Tatizo ni kwamba volti zake zinashuka wakati huo, na ESP32 inajizima na kuanza upya. Ikiamka inajiona iko pedini, haina habari kwamba inaruka, na parashuti imesahaulika. Hali ni mbaya zaidi kiwashio kikiungua halafu nyaya zake zikagusana: hapo una shoti kamili.

Kuna watakaokwambia weka dayodi ya 1N5817 na kapasita ya mikrofaradi 1000 upande wa bodi. Piga hesabu. Bodi ya Arduino ndogo inayokula miliampea 15 itapoteza volti moja kwa milisekunde 67. Ukikata umeme wa kiwashio baada ya milisekunde 50, inapona. ESP32 ikiwa imewasha WiFi inakula 100 na zaidi, milisekunde 10 imekwisha. Weka betri mbili: moja ya bodi, moja ya viwashio, na nguzo hasi zikutane mahali pamoja tu. Betri ya ziada ina gramu 5.

La tatu, MPU6050 ikitoka dukani imepangwa kupima hadi g 2. F50 inakupa 7. Usipoiweka kwenye g 16, namba zinagonga dari na programu haijui mota imeisha lini.

Mantiki ya kuwasha iwe hivi. Roketi imeondoka ikiwa mhimili wa urefu unasoma zaidi ya g 3 mfululizo kwa milisekunde 200. Ikishuka chini ya hapo anza kuhesabu upya. Kugongwa kwa mkono au kudondoka mezani hakudumu hivyo. Mota ya chini imeisha ikiwa mhimili huohuo unasoma chini ya sifuri kwa milisekunde 100. Ndiyo, chini ya sifuri: mota ikizima kinachobaki kuhisiwa ni hewa inayosukuma nyuma, kwa mwendo wako kama g 1.2 hasi. Ndipo uangalie masharti mengine, usubiri kidogo, uwashe. Na weka dirisha: ikiwa sekunde 3 tangu kuondoka zimepita na hujawasha, funga kabisa mlango wa kuwasha hadi swichi izimwe. Mota inayowaka kwa kuchelewa ni hatari kuliko isiyowaka.

Jaribio la kuona kama kiwashio kimeunganishwa lipitishe miliampea 1 au 2, si zaidi. Kuna viwashio vya mkondo mdogo sana ambavyo LED ya kawaida ikiunganishwa nayo mfululizo inatosha kuvishtua.

Lakini kwa ushauri wangu wa kweli: hii ya kujiundia irushe kwanza kama abiria, irekodi data tu, kiwashio kikiwa balbu. Kazi yenyewe ipe bodi iliyokwisha kupimwa na wengi. Featherweight Raven ina matokeo manne na inakubali kuunganisha masharti ya muda, kimo na mwendo. Altus Metrum EasyMega inaongeza jairo (kipima mzunguko), inajua roketi imeinama nyuzi ngapi. Bodi yenyewe inaingia kwenye kiungo cha bomba la mm 38, kwako nafasi ipo tele.

kipanga24

Ahsanteni sana, nimejifunza mengi. F15 nimeiondoa, naenda na F50-4T na reli.

EasyMega bei yake imenishtua kidogo. Swali: nikiwa na altimita yenye sharti la kimo, si inatosha? Yaani kama roketi imeinama haitakuwa imefika kimo kinachotakiwa, kwa hiyo haitawasha. Halafu hatua zenyewe ziachane vipi, niweke chaji ya kuzitenganisha?

nyuzi20

Kaka, sharti la kimo ni zuri na uliweke, ila usilipe sifa lisizostahili. Angalia namba. Ikipanda wima, wakati wa kuwasha uko mita 85 hadi 90. Ikiinama nyuzi 30 moja kwa moja tangu chini, kimo kinapungua kwa asilimia 13 tu, uko mita 77. Ikiinama 45 uko mita 62. Ili usizuie kuwasha bila sababu, maana mota hazilingani na kipima hewa kina kelele zake, utaweka kizingiti kwenye theluthi mbili, mita 60. Sasa kizingiti hicho kinamkamata nani? Aliyeinama zaidi ya nyuzi 45. Wa nyuzi 40 anapita, anawashiwa F39, anakwenda kutua nje ya uwanja. Ukikaza hadi mita 77, kila mota iliyo dhaifu kidogo itakunyima safari.

Halafu kuna roketi iliyopanda wima ikainama mwishoni, labda pezi limelegea au hatua zimeachana vibaya. Kimo chake ni kamili. Pua iko kwingine. Sharti la kimo linasema ruhusa.

Jairo linapima chenyewe unachotaka kukijua. Weka nyuzi 20. Kanuni ya usalama ya NAR (chama cha kitaifa cha warusha roketi Marekani) kwa roketi kubwa hairuhusu kurusha nje ya nyuzi 20 kutoka wima, sioni sababu ya kuwasha hewani kwa ulegevu kuliko ardhini. Jairo nalo lina mahitaji yake: bodi iwe imetulia kabisa pedini inapojipanga, na mhimili wake ulingane na wa roketi. Bodi iliyofungwa upande, pembeni nyuzi 5, inaanza safari na deni la nyuzi 5.

mzee_wa_pedi

Nyuzi20 hesabu zako sizipingi. Ila kwa roketi isiyofika gramu 1000, uwanja mpana, upepo chini ya mita 4 kwa sekunde, kasi nzuri kwenye reli na kuwasha robo sekunde baada ya mota kuisha, hatari kubwa imeshakatwa na mota ya chini yenye nguvu. Muda wa kuinama haupo. Watu wanarusha hivi kwa Raven na masharti ya mwendo na kimo, na inakubalika. Kama angekuwa na kuteleza kwa sekunde mbili tatu, ningesema jairo au asirushe.

nyuzi20

Tofauti yetu ni ndogo: wewe unaiamini reli, mimi naamini kipimo. Afisa usalama wa uwanja ndiye ataamua, na Kipanga amuulize kabla ya kununua, maana vipo viwanja ambavyo bila kizuizi cha mwinamo hupati pedi.

Kuhusu kuachana: kwa ukubwa huu chaji ya kutenganisha haihitajiki. Hatua ya chini ina mapezi makubwa na imebaki nyepesi, kwa hiyo mota ikiisha hewa inairudisha nyuma kwa nguvu kuliko ya juu, zinaachana zenyewe. Sharti ni kiungo kiwe na ulaini sahihi. Kiungo kiingie ndani ya bomba kama kipenyo kimoja, mm 66. Kifupi zaidi ya hapo kinapinda wakati wa msukumo. Shika hatua ya juu mkononi, ya chini ining'inie: isidondoke yenyewe, ila ukitikisa mara moja iteleze itoke. Ikikaza, sugua kiungo kwa msasa wa 400, usitie mafuta. Siku ya unyevu karatasi inavimba, kwa hiyo jaribu tena uwanjani, siyo nyumbani tu. Toboa tundu la mm 3 kwenye ukuta wa hatua ya chini, chini ya kiungo, ili hewa iliyofungiwa humo isisukume hatua kabla ya wakati. Ndani ya kiungo bandika karatasi ya alumini yenye gundi, kwa sababu moto wa F39 utapita hapo endapo hatua hazijaachana, na hilo si janga: msukumo wenyewe utaisukuma ya chini itoke.

Angalia pia uthabiti wa kila umbo peke yake. Roketi nzima inaweza kuwa imara na hatua ya juu isiwe. Kwenye OpenRocket (programu ya kuigiza safari ya roketi) itoe hatua ya chini, uone kitovu cha uzito kiko mbele ya kitovu cha shinikizo la hewa kwa kipenyo kimoja hadi viwili. Betri na bodi zikisogezwa mbele zinasaidia.

fundi_saketi

Naongeza majaribio ya ardhini, maana hapa ndipo uvivu unapoonekana.

Kipima hewa: ingiza bodi kwenye chupa ya plastiki yenye mfuniko, toboa mfuniko upitishe mrija, ziba kwa gundi ya moto, vuta hewa kwa bomba la sindano kubwa. Ukivuta bodi inaona inapanda, ukiachia inaona imefika kilele. Viwashio vyote viwe balbu za tochi. Kwa bodi zinazotaka na aksilomita, nyingi zina hali ya kuigiza safari kupitia kompyuta, itumie.

Kisha jaribu kiwashio halisi, chenye waya zilezile, swichi ileile na betri ileile, kikiwa kwenye kasha tupu la mota lisilo na fueli, nje ya nyumba, miwani usoni. Usijaribu kwa waya fupi za mezani halafu uruke na ndefu. Ukimaliza, iachie bodi iendelee: je, imebaki hai baada ya kuwasha? Kumbukumbu ya data ina pengo? Pengo ni kujizima. Rudia betri ikiwa imetumika saa moja, kwa sababu uwanjani utasubiri zamu.

Matundu ya hewa ya chumba cha altimita: kwa ujazo wa sentimita 150 za ujazo, matatu ya mm 1.2 yaliyogawanywa sawa kuzunguka bomba yanatosha, mbali na mwanzo wa koni. Chumba kizibwe kabisa upande wa chaji ya parashuti. Gesi ikipenya humo altimita inadhani imeshuka ghafla.

nyuzi20

Na mpangilio wa pedini. Kanuni hiyohiyo ya NAR ya roketi kubwa inataka viwashio vya ndani ya roketi viwe na kizuizi kinachokata njia ya umeme mpaka roketi iwe pedini. Kukata kwa programu hakuhesabiki. Iwe swichi ya skrubu au plagi ya kuchomoa, iliyo kwenye waya wa kiwashio chenyewe. Swichi mbili basi: moja ya bodi, moja ya mota ya juu.

Roketi ikiwa imesimama kwenye reli na watu wengine wamerudi nyuma, washa bodi, sikiliza milio, hakikisha inahesabu viwashio vya parashuti. Kisha funga swichi ya mota ya juu, yaani ruhusu umeme upite, usikilize tena mpaka ihesabu viwashio vyote. Milio ikibadilika kuwa ya kosa, fungua swichi hiyo, yaani kata umeme, kwanza kabla ya kugusa kingine chochote. Kiwashio cha F50 kiwe kitu cha mwisho kabisa kuingizwa, ukiwa umekaa pembeni, uso usiwe juu ya roketi wala nyuma ya nozeli. Ukiahirisha, nenda kinyume: toa kiwashio cha chini, fungua swichi ya mota ya juu, zima bodi, ndipo ulaze reli. Roketi yenye mota ya juu iliyofungwa swichi haiinamishwi hata kidogo.

Ikitua bila kuwasha hatua ya juu, itakuwa chini na mota mbichi na bodi hai. Nenda mtu mmoja, kwa ubavu, bisibisi mkononi, fungua swichi ya mota kabla ya kuiokota. Swichi hiyo itoboewe mahali panapofikika bila kuishika roketi kwa nyuma.

mrusha_dar

Samahani kwa kuingilia. Sisi huku Dar hizi F39 tunazipata wapi?

mzee_wa_pedi

Mota hizi zinasafirishwa kama bidhaa hatari, hazipandi ndege kwenye begi wala kifurushi cha kawaida cha posta. Huko nyumbani baruti na mota vinaangukia sheria za vilipuzi na anga ni ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania; Kenya ni KCAA. Kwa hiyo njia ni chuo au taasisi yenye vibali, kama wanafunzi wa chuo kikuu cha JKUAT cha Kenya walivyofanya na mradi wao wa roketi wa Nakuja. Usijipikie fueli jikoni. Ila sehemu ya elektroniki unaweza kuanza leo: bodi, chupa ya hewa na balbu vinapatikana.

kipanga24

Swali la mwisho: altimita ikishafungua parashuti kwenye kilele, ile chaji ya F39-9 niitoe au niiache?

mzee_wa_pedi

Iache. Kwa uzito wako kilele kinakuja kama sekunde 7 baada ya F39 kuisha, hiyo ya 9 inalipuka sekunde mbili baadaye. Altimita ikifanya kazi, inalipukia bomba lililokwisha kufunguka. Isipofanya, roketi imeshaanza kushuka kwa mita 20 kwa sekunde hivi, parashuti ya nailoni yenye kamba ya Kevlar inavumilia. Hakikisha tu muda huo kwenye OpenRocket kwa uzito uliopima kwenye mizani, siyo wa makadirio, na kama kilele kinakuja mapema zaidi ya sekunde 6, chukua ya 6.